Anayelala Nje Mwiki Si Mgeni

Kuna Mwiki mbili. Moja ni wadi ya eneo bunge la Kasarani katika Kaunti ya Nairobi, nyingine ni wadi ya eneo bunge la Ruiru katika Kaunti ya Kiambu. Kwa mkazi wa kawaida, mpaka baina ya hizo mbili ni jambo la siku ya kupiga kura tu. Watu huamka upande mmoja, wakafanya kibarua upande wa pili, na wakanunua sukuma wiki popote penye bei nafuu. Kwa anayelala kwenye baraza ya duka, mpaka huo una uzito zaidi. Usiku yuko Kiambu, mchana anaokota chupa za plastiki Nairobi. Ana serikali mbili za kaunti juu yake, na hakuna hata moja yenye mlango anaoweza kuubisha saa tatu usiku akaonyeshwa kitanda.

Hilo la mlango wengi hawalijui. Kwenye kinyozi au kibanda cha chai karibu na steji, mazungumzo kuhusu watu wa mtaani huishia pale pale: si wapelekwe kwenye vituo? Mwingine atajibu kwamba walishapelekwa wakatoroka. Wa tatu atasema hao wamezoea, huwezi kuwasaidia. Wanaozungumza hivyo si watu wabaya. Mara nyingi ndio hao hao wanaompa mtu wa mtaani chapati iliyobaki au shati la zamani. Ila vichwani mwao kuna jengo la serikali lenye vitanda vilivyotandikwa, uji wa moto na lango lililo wazi, na nje yake amesimama mtu mkaidi anayekataa kuingia. Kwa mtu mzima, jengo hilo halipo. Kwa mtoto lipo kwa uchache, na njia ya kuingia ndani ni ndefu kuliko watu wanavyodhani.

Mambo huanzia mbali na vituo, huanzia kwenye kodi ya nyumba. Mwiki ya upande wa Ruiru ni mtaa wa wapangaji. Mashamba makubwa ya zamani yaligawanywa na kampuni na vyama vya kununua ardhi, vipande vikakatwa tena na tena hadi kufikia ploti za futi 50 kwa 100, na juu yake zikasimamishwa nyumba za mabati, singo za mawe (vyumba vya kimoja kimoja), kisha maghorofa ya bedsita. Barabara Kuu ya Thika ilipozinduliwa Novemba 2012, safari ya kuingia Nairobi ikafupika na wapangaji wakamiminika. Sensa ya 2019 ilikuta watu 371,111 katika kaunti ndogo ya Ruiru pekee, ndani ya kaunti yenye watu 2,417,735. Wengi wa wakazi hawa wanaishi kwa mapato ya siku: mjengo, bodaboda, mama fua, kuuza mitumba, kukaanga viazi jioni kando ya barabara.

Chukua mfano wa mtu wa mjengo anayelipa shilingi 4,000 kwa chumba kimoja. Saiti ikisimama wiki tatu kwa sababu mwenye jengo ameishiwa saruji, kodi ya mwezi huo imepotea. Mwezi wa pili anakopa kwa jirani na dukani. Mwezi wa tatu keretaka, msimamizi wa ploti, anakuja na kufuli yake. Ndani ya chumba kimebaki kitanda, jiko, nguo za watoto, pengine hata kitambulisho. Watu wa mtaani huita hali hiyo kufungiwa nyumba, na kila mpangaji wa Mwiki anajua angalau mtu mmoja aliyewahi kufungiwa.

Sheria inasema nini? Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba, Sura ya 296, hairuhusu mpangaji kutolewa bila amri ya jopo lililoundwa kusikiliza kesi hizo. Lakini inalinda nyumba ambazo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa miongo zaidi ya minne iliyopita. Chumba cha mawe chenye stima na maji kilishakipita kiwango hicho zamani. Mpangaji wa chumba kama hicho anabakiwa na mahakama ya kawaida, na mtu aliyefungiwa kwa kukosa 4,000 hana pesa za wakili. Basi siku ya kwanza anakwenda kwa rafiki. Rafiki ana singo moja na watoto watatu. Baada ya wiki mbili inakuwa aibu kubaki pale, naye anaanza kulala kwenye saiti kwa kisingizio cha kuilinda, au nyuma ya kibanda cha mtu wanayefahamiana, au kanisani baada ya kesha. Mtu huyu bado anaoga, bado anakwenda kutafuta kazi alfajiri, na pengine bado anawaambia wazazi kwenye simu kwamba mambo ni sawa.

Mwaka 2020 ulionyesha jinsi hatua hizo zinavyoweza kupitwa kwa siku moja. Korona ilipofunga vibarua, kulikuwa na taarifa za wenye nyumba waliong'oa milango na mabati ya paa ili wapangaji wenye deni waondoke wenyewe. Tarehe 4 Mei mwaka huo, kafyu ikiwa imetangazwa na mvua ikinyesha, tingatinga ziliingia Kariobangi North karibu na mtambo wa majitaka na kuwaacha maelfu ya watu bila paa, ingawa mahakama ilikuwa imetoa amri ya kuzuia ubomoaji. Novemba 2021 ikawa zamu ya Mukuru kwa Njenga, ambako makumi ya maelfu walibomolewa kupisha barabara na wengi wakaishi katika mahema juu ya vifusi vyao wenyewe. Anayewaita watu wa mtaani wavivu aseme: kuna tabia gani ya uvivu ambayo watu wote hao walikuwa nayo kwa pamoja, kabla ya asubuhi waliyobomolewa?

Serikali ilifanya hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani mwaka 2018 na kupata watu 46,639, zaidi ya 15,000 kati yao wakiwa Nairobi. Mwaka uliofuata, usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, sensa ya kitaifa nayo iliwahesabu waliolala nje. Kazi hizi ni za maana, na ni vizuri zikirudiwa. Ila zinamnasa yule anayeonekana: aliyejifunika gunia kwenye baraza, kijana mwenye chupa ya gundi, mama na mtoto kwenye steji. Mtu wa mjengo aliyejificha saitini hayumo. Mama aliyekimbilia kwa dada yake na watoto wanne hayumo. Kwa hiyo mwananchi anayeitumia hesabu hiyo kusema tatizo ni dogo anahesabu wale tu waliofika mwisho wa safari.

Kenya ilishaonyeshwa jambo hili. Baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, serikali ilihesabu watu 663,921 waliofurushwa makwao. Takriban 350,000 walikuwa kambini. Waliosalia, zaidi ya 310,000, walipokelewa na jamaa au walijibana katika vyumba vya kupanga mijini. Wa kambini walitembelewa na viongozi, wakapigwa picha na kugawiwa unga na blanketi. Waliokaa kwa jamaa walitumia miaka wakijaribu kuthibitisha kwamba nao walifurushwa, maana hawakuwa na hema la kuonyesha. Ukarimu wa shangazi mmoja ulitosha kuwafuta kwenye daftari.

Kuna pia kauli nyingine ya mtaani, ya "si arudi kwao".

Inasemwa kwa urahisi kwa sababu nchi hii imejengwa juu ya imani kwamba kila mtu ana ushago. Chumba cha mjini ni mahali pa kulala. Kwao ni kwingine, kwenye shamba la babu na makaburi ya ukoo. Kesi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986, iliikita imani hiyo katika kumbukumbu ya taifa zima. Mkewe, Wambui, alitaka azikwe kwenye shamba lao la Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi kwa msingi wa mila. Mtu aliyekuwa na nyumba Lang'ata na ardhi Ngong alihesabiwa kuwa kwao ni kule alikozaliwa. Ikiwa wakili mwenye mali alionekana mjini kama mpitaji, kijana anayelala Mwiki ataonekanaje?

Na hapo ndipo historia ya Kiambu inapoibomoa kauli hiyo. Wakati wa hali ya hatari, kuanzia 1954, serikali ya kikoloni iliwahamisha zaidi ya watu milioni moja wa nchi ya Wagikuyu na majirani zao hadi vijiji vilivyozungushiwa mitaro na walinzi. Mwaka huo huo ukaja mpango wa Swynnerton wa kuunganisha vipande vya ardhi na kutoa hati miliki. Waliokuwa kizuizini, na ahoi waliokuwa wakilima ardhi ya wengine kwa ruhusa ya kimila, walijikuta hati zimeandikwa bila majina yao. Baadhi ya vijiji vile vipo hadi leo Kiambu, wajukuu wakiishi kwenye vipande vidogo visivyotosha hata kuzikia. Mtoto wa ukoo huo aliyezaliwa Thika na kukulia Githurai au Mwiki akiambiwa arudi kwao, anaelekezwa mahali ambapo babu yake alinyang'anywa kabla ya uhuru. Wengine wamezaliwa barabarani hapa hapa na mama aliyezaliwa barabarani. Kwao ni Mwiki.

Fikra ya kuwarudisha watu "kwao" si ya wananchi peke yao. Iliandikwa katika sheria. Wakoloni waliotaka Nairobi iwe mji wa wazungu walitunga sheria za uzururaji zilizoruhusu Mwafrika asiye na kazi wala makazi mjini akamatwe na kurudishwa kwenye hifadhi ya kabila lake. Sheria ya Uzururaji ilidumu muda mrefu baada ya uhuru na kufutwa mwaka 1997, katika marekebisho yaliyotokana na mapatano ya vyama vya siasa ya IPPG. Hata hivyo Kanuni ya Adhabu ilibaki na kifungu cha 182 kuhusu watu wavivu na wasio na utaratibu, kinachomgusa hata anayeombaomba hadharani. Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinapingana na Mkataba wa Afrika, na ikazitaka nchi zizifute au zizirekebishe.

Sheria hufutwa, mazoea yakabaki. Februari 2019 watu wa mitaani wa mji wa Nakuru, watoto wakiwemo, walipakiwa kwenye gari usiku na kwenda kuachwa Torongo, Kaunti ya Baringo, kwenye baridi na karibu na msitu. Kukawa na taarifa za waliopotea, na Seneti ikalichunguza jambo hilo. Habari kama hiyo haihitaji gazeti kufika Mwiki. Hufika kwa midomo, kutoka beshi moja ya watu wa mtaani hadi nyingine, na hukaa miaka. Gari la kaunti likisimama usiku na askari wa kanjo akasema, "Pandeni, mnapelekwa kituoni," anayekimbilia kichochoroni anakumbuka waliopanda gari kama hilo.

Hata hivyo, tuseme amepanda, na gari limekwenda kweli kituoni. Ni kituo gani?

Kama ni mtoto, Thika ina kituo cha serikali cha kuokoa watoto, mojawapo ya vichache mno vya aina hiyo nchini pamoja na vile vya Nairobi, Machakos na Garissa. Kiambu pia kuna mahabusu ya watoto, na shule ya kurekebisha tabia ya wasichana ya Kirigiti. Kwa maofisa wa idara ya watoto taasisi hizi ni tofauti kabisa: moja ya kumlinda mtoto, nyingine ya mtoto aliyekosana na sheria. Kwa mtoto zote zina lango, ratiba na mtu mwenye funguo. Na kwa miaka mingi watoto waliotupwa au kupotea walichanganywa kwenye mahabusu na wale wanaosubiri kesi, kwa hiyo hofu yao ina msingi.

Kumlaza mtoto kituoni ni jambo la kisheria. Sheria ya Watoto ya 2022 inataka ofisa wa watoto, na mara nyingi amri ya mahakama, kabla mtoto hajawekwa chini ya uangalizi wa taasisi. Utaratibu huo upo kwa sababu nzuri: kabla ya hapo nyumba nyingi za watoto ziliendeshwa bila usimamizi, na Novemba 2017 serikali ilisimamisha usajili wa nyumba mpya. Mkakati wa kitaifa wa 2022 hadi 2032 unakusudia kuwatoa watoto kwenye taasisi na kuwarudisha katika familia. Wataalamu wengi wanakubaliana nao. Mtoto hukua vizuri zaidi mikononi mwa mtu anayemwita kwa jina. Ugumu unakuja kwenye swali la kwanza atakaloulizwa mtoto wa miaka 11 aliyeletwa kutoka mtaani: kwenu ni wapi, na baba yako anaitwa nani? Ikiwa alitoroka kipigo cha baba wa kambo au njaa ya nyumba isiyo na mtu mzima, swali hilo linamwambia kwamba safari inamrudisha alikokimbia. Atataja jina la uongo. Usiku wa tatu ataruka ukuta. Asubuhi mtaa utasema: mnaona, wamezoea.

Wanaofanya kazi hii kwa karibu huanza kwingine. Padri Mholanzi Arnold Grol, aliyeanzisha Undugu Society of Kenya mwaka 1973, aliwafuata vijana walioitwa wavulana wa maegesho pale pale walipokuwa, akawajua kabla ya kuwaalika popote. Thika kuna shirika la Action for Children in Conflict, linalofanya kazi na watoto wa mitaani na walioangukia mikononi mwa polisi. Kazi ya namna hiyo huchukua miezi ya kumtembelea mtoto mmoja, kuijua familia yake, kumtafutia shangazi au bibi ikiwa nyumbani hapafai. Haipendezi kwenye kamera kama lori lililojaa watoto waliookolewa kwa usiku mmoja, na wafadhili huichoka haraka.

Mwanamke anayekimbia kipigo ana njia yake. Nambari ya simu 1195 hupokea bila malipo taarifa za dhuluma za kijinsia, na zipo nyumba salama, nyingi zikiendeshwa na mashirika. Mahali zilipo hufichwa ili mume asifike, na hiyo ni busara. Lakini usiri huo una gharama kwa anayeingia. Huenda asiruhusiwe kutumia simu wala kwenda kazini, na mama fua asiyekwenda kazini wiki mbili amepoteza wateja wote. Baadhi ya nyumba hazipokei mtoto wa kiume aliyekaribia kubalehe, hivyo mama mwenye mvulana wa miaka 14 anaambiwa amwache. Amwache wapi? Kwa yule aliyemkimbia? Mama kama huyo akilala kwenye steji na watoto wake wote watatu hajakataa msaada. Amekataa kugawanywa na wanawe.

Mwanamume mzima hana chochote. Ni vigumu kulisema hili kwa upole, kwa kuwa ndivyo lilivyo: Kenya haina mfumo wa malazi ya usiku ya umma kwa mtu mwenye umri wa miaka 35 aliyefungiwa nyumba leo. Mfuko wa kurekebisha maisha ya familia za mitaani ulioundwa mwaka 2003, serikali ya Mwai Kibaki ilipoingia, ulianza kwa nguvu. Watoto waliondolewa katikati ya Nairobi chini ya waziri Karisa Maitha, na mamia ya vijana wakapelekwa kwenye mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS). Lilikuwa jambo jema kwa waliopata nafasi. Mafunzo hayo yalikuwa ya vijana, na hawakuwa na uhakika wa chumba cha kuishi walipomaliza.

Hata kituo cha watu wazima kingekuwapo, hesabu ya anayelala nje ina mambo mengine ambayo mpitanjia hayaoni. Mali yake ni mkokoteni, gunia la chupa, blanketi mbili. Kituo kisingepokea mkokoteni, na akiuacha mtaani usiku mmoja haupo. Kazi yake huanza kabla ya jua, takataka za maghorofa zinapotolewa, wakati lango la kituo lingekuwa bado limefungwa. Kuna watu anaolala nao, wanaoamshana hatari ikija, na mahali pake kwenye baraza patachukuliwa na mwingine akikosekana siku tatu. Kuna gundi pia. Hewa yake hupumbaza njaa na baridi, na mwili huizoea. Kituo kinachodai aache siku ya kwanza, bila tiba, kinamtaka afanye jambo gumu kuliko yote katika saa yake dhaifu kuliko zote. Kuhusu uvivu wanaosingiziwa, Januari 2022 serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya hujuma kwenye nyaya na nguzo za umeme, agizo lililodumu hadi mwanzoni mwa Mei, waokotaji wa mitaani waliokuwa wakitembea kilomita nyingi kila siku kuchambua taka walipoteza pato lao kwa zaidi ya miezi mitatu. Hakuna aliyewafidia, kwa maana hakuna aliyewahesabu kama wafanyakazi.

Miji tajiri imepitia somo hili kwa gharama kubwa. New York ina wajibu wa kisheria, uliotokana na makubaliano ya mahakamani ya 1981, wa kumpa makao mtu asiye na pa kulala. Bado wapo wanaobaki kwenye vituo vya treni, wakitaja wizi, vurugu na masharti ya mabweni. Finland ilijaribu njia nyingine. Tangu 2008 imekuwa ikifunga mabweni yake makubwa na kuyageuza kuwa nyumba ndogo zenye mkataba wa upangaji na ufunguo wa mtu mwenyewe; kuacha pombe au kupata kazi hufuata baadaye, si sharti la kuingia. Finland ina pesa ambazo Kiambu haina. Mpangilio wenyewe, wa kutanguliza mlango unaofungwa kwa ndani, hauhitaji theluji wala utajiri wa Ulaya ili ueleweke Mwiki.

Kitambulisho nacho ni ukuta. Kikifungiwa ndani ya chumba au kikiloa na mvua, kukipata kingine kulipandishwa hadi shilingi 1,000 mwaka 2024. Bila hicho hakuna laini ya simu iliyosajiliwa, na bila laini hakuna M-Pesa, ambayo ndiyo njia ya malipo ya mjengo siku hizi. Mlinzi wa saiti hataki kumwandika. Bima ya afya ya SHA haimjui. Hata barua ya chifu, ambayo ingemsaidia kuanza upya, inahitaji mahali anapoishi na mtu wa nyumba kumi wa kumtambua. Mradi wa nyumba za bei nafuu unaokatiwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa sheria ya Machi 2024 unaanza kwa kujisajili kwa kitambulisho na kuweka amana. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makao yanayofaa, na Januari 2021 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Mitu-Bell kuhusu kijiji cha Mitumba kilichobomolewa karibu na uwanja wa Wilson, ilisema kwamba haki hiyo inaweza kudaiwa mahakamani. Mwenye kudai, hata hivyo, lazima kwanza aweze kuthibitisha yeye ni nani.

Anayetaka kusaidia Mwiki ana mambo machache ya kufanya leo. Akimwona mtoto peke yake, nambari 116 ni ya bure na hujibiwa usiku na mchana. Akiwa na ploti, anaweza kukubaliana na mpangaji mwenye deni kulipa kidogo kidogo kabla ya kufuli, maana chumba kilichofungwa nacho hakilipi kodi. Akiwa na saiti au duka, anaweza kumtunzia mtu karatasi zake kwenye droo. Kanisa lenye ukumbi usiotumika usiku linaweza kuuliza swali ambalo kaunti bado haijauliza.

Kaunti nayo ina mfano wa karibu. Mvua za Machi hadi Mei 2024 zilipowafurusha maelfu kando ya mito, makao ya dharura yalikuwa madarasa, na shule zilipofunguliwa tena tarehe 13 Mei madarasa hayo yalihitajika. Akiwa Mathare mwezi huo, Rais William Ruto aliahidi shilingi 10,000 kwa kila familia iliyobomolewa nyumba kando ya mto ili ikatafute nyumba ya kupanga. Wakati huo hakuna aliyesema kwamba familia hizo zimezoea nje, wala hakuna aliyezitaka zithibitishe tabia njema kwanza. Ilieleweka mara moja kwamba mtu aliyepoteza chumba anahitaji chumba. Kwa singo ya shilingi 4,000, kiasi hicho kinalipa dipoziti na kodi ya mwezi wa kwanza, na kubakiza 2,000 za godoro na unga. Nyumba ya mtu wa mjengo haikuchukuliwa na mto, ilichukuliwa na kufuli. Kwa ajili yake bado hakuna ofisi, upande wa Kiambu wala wa Nairobi, iliyopewa kazi ya kumsikiliza.